Nikigeuka kitandani nyumba yote inazunguka: sikio linahusikaje?

"Daktari, nina miaka 53, nauza vitenge na nguo za watoto Mwanjelwa, hapa Mbeya. Wiki ya tatu sasa, alfajiri nikigeukia kulia kitandani chumba chote kinazunguka. Kinazunguka kweli, mpaka nashika godoro. Haifiki dakika kinatulia, ila kichefuchefu kinabaki. Dukani nikiinua kichwa kushusha kitenge rafu ya juu, hali ni hiyohiyo. Juzi nusura nianguke na ngazi. Nimepima presha mara tatu, wanasema iko sawa. Duka la dawa walinipa dozi ya malaria bila kupima, halafu vidonge vya kizunguzungu ambavyo vinanilaza tu. Jirani anasema ni baridi ya Juni imeingia sikioni, akaniwekea mafuta ya vuguvugu. Shemeji anasema nimerushiwa kitu na wenye wivu wa biashara. Binti yangu anayesomea uuguzi anasema ni sikio la ndani, lakini mimi nasikia vizuri kabisa, hata simu ikiita chumba cha pili. Sikio linahusika vipi na nyumba kuzunguka? Kuna aliyenishauri nikapige picha ya kichwa Dar, nayo ni fedha nyingi. Na ule mlima wa Kitonga wenye kona nyingi njiani nitaupitaje, wakati hata nikiwa mzima hutapika? Kwa sasa nalala nimeegemea mito mitatu. Nisaidie. Ndaga."

Shikamoo mama, na pole kwa wiki tatu za mashaka. Nianze na hofu ambayo hukuitaja kwa jina, lakini mtu hafikirii kwenda kupiga picha ya kichwa bila kuwa nayo: kwamba kiharusi kinabisha hodi, au kuna kitu kinaota ndani ya fuvu. Katika maelezo yako sioni dalili ya lolote kati ya hayo. Kizunguzungu kinachokuja mtu akigeukia upande fulani, kikazungusha chumba kwa sekunde kadhaa na kukoma kabla dakika haijaisha, kisha kikarudi kila akirudia mkao uleule, mara nyingi sana kina chanzo kimoja. Chembe ndogo za chokaa zilizomo ndani ya sikio zimetoka mahali pake na kuingia mahali pasipo pake. Binti yako kasema kweli. Sijakulaza kitandani nikatazama macho yako, kwa hiyo siwezi kuapa, lakini ningekuwa mtu wa kuweka dau ningeliweka hapo.

Presha tuiondoe kwanza. Mtu ambaye presha yake inashuka huona giza na kulegea miguu anaposimama ghafla, kwa sababu damu inachelewa kupanda kichwani. Wewe umelala tayari, unageuka ubavu tu; hapo damu haina mlima wa kupanda. Presha haijui umelalia ubavu gani. Inayojua ni sikio. Malaria nayo ina homa, baridi, maumivu ya mwili, na ina kipimo cha dakika chache ambacho ni haki yako kukidai kabla ya kumeza dozi.

Sasa swali lako lenyewe, ambalo wala si la kijinga. Kwa karne nyingi hata wataalamu waliamini kwamba kila kilichomo sikioni ni cha kusikia. Mwaka 1824 Mfaransa Pierre Flourens alikata mifereji fulani midogo ndani ya masikio ya njiwa. Njiwa wale waliendelea kusikia, lakini vichwa vyao vilianza kuyumba, na viliyumba kufuata mwelekeo wa mfereji uliokatwa. Ilichukua kama miaka hamsini mingine kabla watu hawajakubaliana kwamba mifereji ile ni ya kuhisi mzunguko.

Sikio unalolivalisha hereni ni sehemu ya nje tu. Ukipita ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu, ndani ya mfupa mgumu sana wa fuvu, unakuta viungo viwili vilivyoungana. Kimoja ni cha kusikia. Cha pili hakina habari na sauti. Kazi yake ni kuuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi na kinakwenda wapi. Vinatumia maji ya aina moja na mshipa wa fahamu unaotoka pamoja, lakini kila kimoja kina kazi yake. Ndiyo maana unaweza kuisikia simu ya chumba cha pili na bado nyumba ikazunguka.

Kiungo hicho cha pili, kwa kila sikio, kina mifereji mitatu iliyopinda nusu duara. Kila duara lina upana wa kama milimita sita hivi, na mrija wenyewe uliomo ndani ni mwembamba mno, kama theluthi moja ya milimita. Mifereji hii haikupangwa upande mmoja. Mmoja karibu umelala, na miwili imesimama kwa kukingamana, hivi kwamba ukitikisa kichwa kukataa, ukikiinamisha kuitikia, au ukikilaza begani, daima kuna mfereji unaoguswa zaidi ya mingine. Hakuna namna ya kugeuza kichwa ambayo mitatu hiyo haitaishika.

Ndani kuna maji. Ili uone yanavyofanya kazi, leo jioni chukua beseni la maji, nyunyizia majani makavu ya chai juu yake, uache yatulie. Kisha ligeuze beseni ghafla, robo mzunguko. Beseni limegeuka, lakini majani yamebaki karibu palepale, kwa sababu maji ni mazito kuanza safari. Kichwani mwako ni hivyohivyo. Ukigeuka kulia, mfupa unageuka nawe, maji yanabaki nyuma. Katika kila mfereji kuna sehemu iliyovimba kidogo, na hapo utando wa ute mzito umeziba njia kutoka ukuta hadi ukuta. Maji yaliyobaki nyuma yanausukuma utando huo, unapinda, na vinyweleo vya seli vilivyochomekwa ndani yake vinapinda pamoja nao.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mshipa wa fahamu unaotoka kwenye seli hizo haunyamazi hata ukiwa umetulia tuli; unatuma ishara muda wote. Kwa tumbili waliopimwa maabara ni kama mara 90 kwa sekunde. Vinyweleo vikipinda upande mmoja ishara zinaongezeka, vikipinda upande wa pili zinapungua. Na kwa kuwa masikio ni mawili yanayotazamana, ukigeuka kulia sikio la kulia linapandisha na la kushoto linashusha. Ubongo unalinganisha hizo mbili. Zikilingana, umetulia. Zikitofautiana, unazunguka, na tofauti yenyewe ndiyo inayosema unakwenda upande gani na kwa kasi gani. Nakuomba ulishike hilo la kulinganisha, kwa sababu tatizo lako lote limo humo.

Rudi kwenye beseni. Ukiendelea kulizungusha kwa mwendo uleule, baada ya muda maji nayo yanashika mwendo, majani yanazunguka pamoja na beseni. Sikioni nako, ukizunguka kwa kasi isiyobadilika huku umefumba macho, baada ya nusu dakika hivi utaapa kwamba umesimama. Mifereji haihisi mzunguko wenyewe, inahisi mabadiliko ya mzunguko. Ukisimama ghafla, maji yanaendelea kwenda na kuusukuma utando upande wa pili, nawe unahisi unazunguka kinyume. Watoto wanaojizungusha uwanjani mpaka wakaanguka wanacheza na jambo hili hili. Mtazame mmoja macho yake mara tu anaposimama: yanateleza polepole upande mmoja, kisha yanaruka haraka kurudi, yanateleza tena, yanaruka tena. Rubani anayekaribia uwanja wa Songwe siku ya ukungu naye analijua vizuri. Hana ardhi ya kutazama, na masikio yake yanaweza kumwambia ndege imenyooka kumbe inapinda, hivyo amefundishwa kuamini vipimo vilivyo mbele yake kuliko mwili wake.

Kwa nini macho yanaingia kwenye habari ya sikio? Kwa sababu kazi kubwa ya mifereji hii, kuliko hata kukuzuia usianguke, ni kuyashika macho. Weka kiganja mbele ya uso uitazame mistari yake. Tikisa mkono haraka kulia na kushoto: mistari inafifia huioni. Sasa uache mkono utulie, utikise kichwa kwa kasi ileile: mistari unaiona safi. Kila kichwa kinapokwenda kulia, sikio linaamuru macho yaende kushoto kwa kiasi kilekile, na amri hiyo inafika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kama sehemu moja ya mia. Bila hiyo usingeweza kusoma bei kwenye kibao huku unatembea. Lakini amri hiyo ikitolewa wakati kichwa hakijageuka, macho yanateleza bure, na chumba kilichotulia kinaonekana kinakimbia. Wewe unaposema nyumba inazunguka, macho yako yanakwenda kweli. Si mawazo.

Sasa zile chembe. Karibu na mifereji kuna vifuko viwili ambavyo havihusiki na mzunguko. Vyenyewe vinapima uzito na mwendo wa kunyooka: lifti ikipanda, basi likifunga breki, kichwa kikiinama. Ili vipime uzito vinahitaji kitu kizito, na kitu hicho ni maelfu ya fuwele ndogo za kalsiamu kaboneti, madini yaleyale yaliyo kwenye ganda la yai, kila moja ikiwa na ukubwa wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Zimebandikwa juu ya ute. Umri unavyokwenda, gundi yake inalegea. Chache zinabanduka na kuelea, na zikipata bahati mbaya zinadondokea kwenye mmojawapo wa mifereji, mara nyingi ule wa nyuma, kwa kuwa ndio uko chini zaidi tukiwa tumelala au tumesimama.

Mfereji ulioumbwa uhisi mzunguko tu sasa una mchanga ndani unaovutwa na uzito wa dunia. Unapogeukia kulia kitandani, mfereji wa nyuma wa sikio la kulia unabadili mkao, chembe zinaporomoka ndani yake, zinakokota maji, maji yanasukuma utando. Sikio la kulia linapaza ishara, la kushoto limetulia. Ubongo unalinganisha, unaona tofauti kubwa, unatoa hukumu: tunazunguka kwa kasi! Sikio halikudanganya. Maji yamesogea kweli. Ila hayakusogezwa na kichwa.

Na ukiangalia, kila ulichokieleza kinafuata hapo. Kuna sekunde mbili tatu kabla hakijaanza, kwa kuwa chembe zinachukua muda kuanza kuporomoka. Kinakoma ndani ya dakika, kwa kuwa zimefika chini na utando umerudi mahali pake. Ukirudia mara nyingi kwa mfululizo kinapungua nguvu. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, kwa vile chembe zimekaa pamoja usiku kucha. Na rafu ya juu? Unapoinua uso kutafuta kitenge, kichwa kinalala nyuma karibu sawa na ulivyo kitandani. Wenzetu madaktari wanaosikia tu neno "rafu ya juu" huanza kuhisi ugonjwa upi kabla mgonjwa hajamaliza kusema.

Utauliza kwa nini wewe. Ugonjwa huu unaanza zaidi baada ya miaka 50, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Kugonga kichwa kunaweza kuuleta, hata kule kurushwa na bajaji kwenye tuta ukagonga dari. Kulala kitandani muda mrefu kwa ugonjwa mwingine pia. Mara nyingi sababu haionekani kabisa, na huyo wa wivu wa biashara hatumhitaji katika maelezo haya. Simwambii shemeji yako aache kukuombea. Maombi hayagombani na kitanda cha zahanati.

La baridi lina nusu ya ukweli, na nalipenda. Robert Bárány, daktari wa Vienna, alikuwa akiosha masikio ya wagonjwa kwa maji, wakawa wanamlalamikia kizunguzungu. Aligundua kwamba maji yakiwa ya baridi macho yanaruka upande mmoja, yakiwa ya moto yanaruka upande mwingine, na yakiwa na joto la mwili hakuna kitu. Baridi ikipoza mfereji, maji yaliyo karibu yanakuwa mazito na kuzama, yanayosalia yanapanda, utando unapinda. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zilimkuta akiwa mateka wa vita Urusi. Kwa hiyo ndiyo, baridi ikimwagwa ndani ya sikio inazungusha, kwa dakika moja mbili. Lakini upepo wa Juni, hata ule wa Kitulo unaokata mifupa, haukai mferejini wiki tatu ukisubiri ugeukie kulia. Mafuta ya vuguvugu naomba yaishe. Hayafiki zinakokaa chembe, na kama ngoma ya sikio ina tundu usilolijua, yanaweza kukuletea usaha ambao hukuwa nao.

Kwa kuwa tumo humo, kuna swali ninaloulizwa na watu wa Iringa na Njombe msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kila mwaka: kwa nini mlevi akilala kitanda kinazunguka, akikaa kinatulia? Pombe inaingia kwenye ule utando wa ute haraka kuliko inavyoingia kwenye maji. Pombe ni nyepesi kuliko maji, hivyo utando unakuwa mwepesi na kuanza kuelea mlevi anapolala. Baadaye pombe inapotoka, inatoka kwenye utando kwanza, na mambo yanageuka kinyume kwa saa kadhaa. Wale wanaojitibu asubuhi kwa kikombe kingine wanarudisha tu pombe kwenye utando. Mama, sikushuku chochote. Nimeeleza tu ili uone kwamba utando huo mdogo hauhitaji mengi ili kuzungusha nyumba nzima.

Tuje kwenye tiba, na hapa nitakuwa wazi kuhusu vidonge. Sinarizini, prokloperazini na jamaa zao zinatuliza mfumo mzima wa mizani ya mwili. Zinasaidia kichefuchefu siku mbili tatu za mwanzo. Haziwezi kutoa chembe mferejini, kama ambavyo umeshaona mwenyewe. Zikinywewa kwa miezi zinalaza, zinaongeza hatari ya kuanguka, zinauchelewesha ubongo kujirekebisha, na sinarizini kwa watu wazima inaweza kuleta mtetemo wa mikono na ukakamavu wa mwili. Ningekushauri uziache ikishathibitishwa kwamba ni chembe. Muulize atakayekuona, asikuandikie nyingine kwa mazoea.

Kilichoingia kwa kuporomoka kinatolewa kwa kuporomoka. Kwanza kipimo, kilichoelezwa mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike wa London. Unaketi kitandani, kichwa kimegeuzwa kidogo upande mmoja, unalazwa haraka kichwa kikining'inia kidogo nyuma, na mpimaji anayatazama macho yako. Chembe zikiwa zimo kwenye mfereji wa nyuma wa upande ule, baada ya sekunde chache macho yanaanza kuruka kuelekea paji la uso huku yakijipindua kuelekea sikio lililo chini. Hakihitaji mashine wala umeme. Daktari wa kituo cha afya anayekijua anaweza kukifanya leo.

Tiba yenyewe ilichapishwa mwaka 1992 na John Epley wa Portland, Marekani, ambaye wenzake walimtilia shaka kwa miaka kwa sababu ilionekana rahisi mno. Kwa sikio la kulia huenda hivi. Unaketi katikati ya kitanda miguu imenyooka, mto umewekwa nyuma ili ukilala ukae chini ya mabega, si chini ya kichwa. Unageuza kichwa kulia nusu ya njia ya kulifikia bega. Unalala chali haraka, kichwa kikiwa kimegeuka vilevile na kimelala nyuma kidogo. Nyumba itazunguka, usifumbe macho, usinyanyuke, subiri ikome, kisha uongeze nusu dakika. Bila kuinua kichwa unakigeuza kushoto, nusu ya njia ya bega la kushoto, nusu dakika tena. Kisha mwili wote unageukia ubavu wa kushoto, na pua inaelekea chini kwenye godoro. Hapo huenda ikazunguka tena, na ni ishara nzuri kwamba chembe zinaelekea mlangoni. Nusu dakika. Mwisho unashusha miguu na kuketi taratibu, kidevu kimeinama kifuani. Unakaa dakika kumi kabla ya kusimama.

Wengi hupona kwa mara moja hadi tatu. Binti yako anaweza kukushika mkifanya nyumbani, lakini mara ya kwanza nataka ufanyiwe na mtu anayejua, kwa sababu mbili. Moja, lazima tuwe na hakika ya sikio na mfereji. Ikiwa unazunguka kwa nguvu ukigeukia kulia na kushoto pia, huenda chembe ziko kwenye mfereji uliolala, na huo una mgeuko wake tofauti. Pili, mwenye shingo mbovu, mgongo ulioteguka au aliyewahi kutenguka pazia la jicho asilazwe kichwa kikining'inia bila kupimwa. Siku moja mbili baadaye utajisikia kama unaelea unapotembea. Hiyo hupita.

Ile mito mitatu ilikusaidia kukwepa, ila inazifanya chembe zikae zilipo na shingo iume. Ukishatibiwa lala unavyopenda. Nisikufiche pia kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi, karibu nusu ya watu ndani ya miaka mitano, na tiba ni ileile. Upungufu wa vitamini D umehusishwa na kurudi huko, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, kwa hiyo ukifunga duka mchana kidogo ukaota jua, hakuna hasara.

Picha ya kichwa sasa. Chembe hizi ni ndogo mno kuonekana kwenye picha, hivyo ungeambiwa "hakuna kitu", ungerudi na kizunguzungu chako na mfuko mtupu. Picha inahitajika pale hadithi inapokuwa nyingine, na hapo sitaki usubiri hata usiku mmoja: kizunguzungu kisichokoma kwa saa nyingi huku huwezi kusimama, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, kuzimia. Hayo ni hospitali moja kwa moja. Sikio moja kuziba kusikia ghafla nalo lina tiba ambayo haifanyi kazi ukichelewa, na usaha sikioni pamoja na kizunguzungu si wa kupuuza. Kama kizunguzungu kinachukua saa nzima na zaidi huku sikio linavuma na kusikia kunapanda na kushuka, huo ni ugonjwa mwingine wa sikio la ndani. Na kama umewahi kuchomwa sindano za jentamaisini au za kifua kikuu kwa muda mrefu, mwambie daktari. Zinaweza kuua zile seli za vinyweleo pande zote mbili, na hao wenzetu hawazunguki, wao huyumba gizani na kuona dunia inatikisika wanapotembea.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, nenda kituo cha afya kilicho karibu, mweleze daktari kama ulivyonieleza, na umwambie wazi: "Naomba unilaze utazame macho yangu." Ukiona hakijui kipimo hicho, omba rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa ya kanda hapahapa Mbeya. Nenda na binti. Atajifunza kitu ambacho atakitumia maisha yake yote ya kazi. Mpaka utakapotibiwa, ngazi mwachie kijana wa dukani, vitenge vinavyotoka sana vishushe usawa wa kifua, na usipande bodaboda.

Kitonga ni habari tofauti. Pale hakuna chembe zilizotoroka. Masikio yako yanahisi kila kona na kila breki, huku macho yako yakiwa yametazama simu au mgongo wa kiti ambao hausogei. Ubongo unapokea habari mbili zisizopatana, na tumbo ndilo linalolipa. Kaa karibu na dereva, tazama barabara mbali mbele ili macho nayo yaone kona inakuja, egemeza kichwa kisichezecheze, kula kidogo kabla ya kuondoka, fungua dirisha. Kidonge cha safari, kama utakihitaji, kimeze kabla ya mteremko kuanza, si ukishaanza kutapika. Na kama mgeuko wa kitandani utafanikiwa wiki hii, ukipita Kitonga utakuwa unakwenda Kariakoo kufuata mzigo, si kupiga picha.